Nilipogonga Mlango Kabla ya Adhana

Nilimfuturisha mwanamke wa watu jua halijatua, makusudi, kwa sababu ya mpira. Nalisema mapema ili anayetaka kuacha kusoma aache, na anayetaka kunicheka aanze sasa. Nimevunja vioo, nimeiba maembe, nimemfunga mbuzi wa jirani kwenye mlango wa darasa. Mambo hayo yote hayajawahi kuninyima hamu ya kula. Hili lilininyima.

Sisi ni Wakristo, watu wa Rabai, lakini mimi nimekulia Kibokoni, katika vyumba viwili vya ghorofani ambavyo baba alipanga alipopata kazi ya bandari kule Mbaraki. Mwenye nyumba ni mjane, mtu mzima sana, anayekaa chini peke yake. Sote twamwita Bibi. Masikio yake yamekufa nusu. Ukitaka akusikie yakubidi useme kama unayeita mashua, na sauti ya msikitini haimfikii kabisa akiwa chumbani.

Ndiyo maana nilikuwa na kazi kwake. Kila Ramadhani, jua likianza kushuka, mimi husimama barazani kusubiri adhana ya magharibi. Nikiisikia, nampigia mlango ngumi tatu. Ni mlango mnene wa zamani, ukipigwa ukuta hutikisika, na Bibi huwa amekaa mkekani ndani, mgongo ukutani, tende mkononi, akingoja mtikisiko huo.

Majirani walimwuliza mara nyingi kwa nini asimpe kazi hiyo mtoto wa Kiislamu. Jibu lake lilikuwa lile lile.

"Watoto wenu wana njaa. Mwenye njaa huisikia adhana hata haijaadhiniwa. Huyu Mnasara wangu ameshiba, hana haraka."

Na kweli nilikuwa nimeshiba. Mwezi wa Ramadhani naupenda kuliko baadhi ya wanaoufunga: mchana nala cha mama, jioni Bibi anipa sahani ya tambi na mihogo ya nazi. Hata miaka ya vita, sukari ilipokuwa ya kibali, tambi zangu hazikukosa utamu. Miaka minne niligonga mlango ule bila kosa. Ramadhani iliyopita ndiyo ilikuwa ya tano.

Ramadhani ya kabla yake homa ilimlaza Bibi, akala siku kumi na mbili. Alizilipa moja moja, kwa taabu, mpaka mwezi mpya ulipokuwa karibu kuandama. Mara hii aliwaambia watu wote wa mtaa kwamba anataka siku zake zote, asipungukiwe hata moja, kwa sababu hajui kama atapewa mwezi mwingine. Alikuwa akihesabu kwa vidole. Kila nilipopita mlangoni alinionyesha vidole vya siku hiyo, akacheka kwa meno yake matatu.

Siku aliyonionyesha kumi na saba, vijana wa Mbaraki walikuja kucheza nasi. Mimi ndiye kipa. Si kwamba nadaka vizuri, ila nina maneno. Mpigaji akikaribia goli namwuliza habari za mamake mpaka asahau mguu gani ni wake. Tulikuwa mbili kwa mbili nilipotoka mbio kwenda kugonga. Rafiki yangu, mwanafunzi mwenzangu wa darasa la kipaimara, alishika goli badala yangu, na huyo hana mikono, ana matawi ya mnazi.

Nilifika barazani nikihema. Kichochoro chetu ni chembamba na nyumba ni ndefu, giza huingia mapema kuliko kwingine. Nilitazama juu, mbingu bado nyeupe. Nikasikiliza, kimya. Nikangoja kidogo, nikasikia kwa mbali kelele za kiwanjani, nikajua ni goli na nikajua ni sisi tuliofungwa. Nikajiambia, jua limetua ila mwadhini hajafunga viatu. Nikapiga ngumi tatu.

Nilisikia kikombe cha Bibi kikiwekwa chini. Nikakimbia.

Nilikuwa nimekwisha kurudi golini, nimekwisha kumwuliza mtu habari za mamake, ndipo adhana ilipolia. Nilisimama kama niliyepigwa na nazi. Mpira wa nne ukapita kando ya sikio langu na sikuinua hata mkono.

Rafiki yangu nilimwambia njiani. Alifikiri kidogo, maana ni mtu wa kufikiri, hasa mambo ya wengine.

"Yeye anajua amekula kabla ya wakati?"

"Hajui."

"Basi hana kosa. Mungu hamshiki mtu kwa asilolijua. Ukimwambia ndipo utamharibia. Wewe nyamaza, yakhe, utakuwa umemtendea wema."

Nililipenda neno lile. Ni raha kubwa kuambiwa kwamba uvivu wako ni wema. Jioni hiyo nilikula tambi za Bibi, na nikazimaliza, lakini nilizila kama mtu anayekula dawa.

Siku ya pili yake tulikuwa na darasa la kipaimara. Mwalimu wetu ni mtu mpole mwenye koti moja la majira yote, na mimi humwiga anavyokohoa kabla ya neno "dhambi". Siku hiyo alituuliza kwa nini Mkristo atende haki. Mmoja akasema ili asiende motoni. Mwingine akasema ili aende mbinguni, akadhani ametoa jibu jipya. Wa tatu akasema ili watu wa dini nyingine watusifu. Mwalimu alisikiliza wote, akakohoa.

"Haya. Tuseme leo Mungu atangaza kwamba moto umezimwa, hautawashwa tena, na mbinguni wote wataingia. Nani kati yenu atakwenda nyumbani akiwa mwema?"

Nikainua mkono.

"Mimi nitakwenda nyumbani, Mwalimu," nikasema, "lakini nitapitia penye maembe."

Walicheka mpaka mmoja akaanguka kwenye benchi. Mwalimu naye alitabasamu, nami nikadhani nimeshinda. Kisha akasema taratibu, bila kunitazama, kwamba mtu anayeogopa moto tu anapenda ngozi yake, hajaanza bado kumpenda Mungu wala jirani. Akasema sisi tumekwisha kupendwa kabla hatujafanya lolote jema, na kwa hiyo hatununui kitu tunapotenda haki. Twachagua tu kumfanana aliyetupenda. Wengine wakaandika. Mimi sikuandika, lakini ni mimi niliyesikia.

Kwa maana kwangu moto ule ulikuwa umekwisha kuzimwa. Hakuna aliyejua. Hakuna ambaye angejua. Bibi mwenyewe, kwa hesabu ya rafiki yangu, hakuwa na kosa mbele ya Mungu. Nilikuwa huru kabisa kunyamaza. Na uhuru ule ndio uliokuwa ukinisumbua, kwa sababu ilibaki mimi na Bibi tu, na siku yake moja iliyokuwa mikononi mwangu kama kitu cha mtu ambacho mwenyewe hajui kimepotea. Yeye alitaka siku zake zote. Alikuwa akihesabu kidole ambacho mimi nilikwisha kukikata.

Jioni hiyo niligonga adhana ilipokwisha kabisa, tena nikawauliza watu wawili kama kweli imeadhiniwa. Kabla ya hapo nilimsikia Bibi akimwambia jirani wa nyumba ya pili, "Miaka mitano hii, hajanikosea hata dakika." Jirani akavuta mdomo. Mimi nikajifanya nafunga kamba za viatu, na sikuwa na viatu.

Kesho yake baada ya alasiri nilikwenda. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri ya chini chini. Nilibisha hodi, nikaamkia, nikakaa kizingitini.

"Bibi, nimekuja kusema jambo. Juzi niligonga mapema."

"Eh?"

"Juzi. Niligonga mapema."

"Sema kwa sauti, mwanangu. Wajua masikio yangu."

Kumwungamia padre ni rahisi, yeye masikio yake mazima. Nilipandisha sauti mara ya tatu, mara ya nne, na mwisho nikasimama nikapiga kelele: "Juzi niligonga mlango kabla ya adhana, kwa kuwa nilitaka kurudi mpirani."

Hilo alilisikia. Wazee wa barazani pia walilisikia, wakaacha kahawa yao. Madirisha ya juu yalifunguka. Jirani wa nyumba ya pili alitoka na mwiko mkononi. Nadhani hata mwadhini, popote alipokuwa, aligeuza shingo.

Bibi hakukasirika. Ningependa angekasirika, matusi nayajua namna ya kuyapokea. Alitazama vidole vyake kwa muda.

"Siku ngapi?" akauliza.

"Moja, Bibi."

"Umenigongea miaka mitano. Nakuuliza siku ngapi."

Hapo ndipo nilipofahamu nilichokifanya. Nilidhani nimemnyang'anya siku moja. Kumbe nilikuwa nimezitia shaka zote, mwaka huu na ule na ule mwingine nyuma yake, kila tende aliyoitia mdomoni kwa ngumi zangu. Mimi nina jibu la kila swali, waulize walimu wangu. Nililitafuta la kumfanya acheke, sikuliona. Nililitafuta la kumfanya aamini, nalo sikuliona.

"Moja tu," nikamwambia kwa sauti ile ile kubwa. "Lakini huna njia ya kujua, Bibi. Ni neno langu tu."

Akatikisa kichwa polepole. Akasema Idi ikisha atafunga siku mbili. Ya kwanza ni ya ile niliyomlisha. Ya pili ni ya shaka, kwa sababu moyo wake hautatulia na moja.

"Na magharibi ya leo?" nikauliza.

"Leo atagonga mtoto wa hapa jirani."

Jirani alikuwa akingoja neno hilo. "Si tulikwambia, Bibi? Tulikwambia huyu si wa kuaminiwa."

"Mlinambia," Bibi akajibu. "Lakini ya juzi sikuambiwa na ninyi. Nimeambiwa na huyu."

Kisha akafunga mlango, kwa upole, nami nikabaki na mtaa mzima ukinitazama. Mzee mmoja wa barazani aliniuliza kama angalau tulishinda. Nikamwambia tulifungwa nne kwa mbili. Akasema masikini, akarudi kwenye kahawa yake.

Nilipanda juu. Mama alikuwa chini ya dirisha akichagua mchele, na dirisha lilikuwa wazi, kwa hiyo sikuwa na haja ya kumhadithia. Nilikaa mbele yake. Nilikuwa na hasira, na si hasira ya kujikasirikia tu. Nilimwambia kwamba nimesema kweli bila kulazimishwa na mtu, na nilichopata ni kunyang'anywa kazi, kuaibishwa mbele ya watu, na Bibi kuongezewa siku mbili za njaa ambazo asingekuwa nazo kama ningenyamaza. Nikamwambia rafiki yangu aliona mbele kuliko mimi. Nikamwuliza, sasa kusema kweli kumemfaa nani.

Mama alitoa mawe mawili kwenye mchele. Halafu akasema:

"Hukwenda kule chini ili ufaidi, au ulikwenda kwa hilo? Siku yake ni yake, ailipe au asiilipe, lakini aijue. Sasa sikiliza. Yule mchukuzi anayemletea Bibi maji huenda kwao Idi na harudi ila wiki ipite. Bibi yako atafunga zile mbili na atajitekea maji mwenyewe, juani, kwa miguu unayoijua. Mimi sikutumi. Sitaki useme ulitumwa na mamako. Nakwambia tu ndoo iko nyuma ya mlango."