Boila Iliyokunywa Maji ya Mtaa

Mwezi uliopita nilikwenda harusini Mhunze, na wakati wa kurudi basi letu likaharibika Shinyanga mjini. Nikawaachia wenzangu mizigo, nikatembea hadi stesheni, tulipoishi nilipokuwa msichana mdogo, miaka ile baada ya Vita Kuu ya Pili. Nilitaka tu kuona ilipokuwa reli ya pembeni, ile ya kuegeshea mabehewa. Nikakuta vibanda vya chipsi na bodaboda zimejipanga.

Hungeamini, ndugu yangu, kwamba pale palikaa kichwa cha treni ya moshi, kimekufa, nyasi zimefika kwenye magurudumu. Baba alikuwa fundi wa boila, akahamishwa kutoka Tabora aje kukifufua ili kipange mabehewa msimu wa pamba. Boila ndiyo tumbo la treni ya moshi: maji huchemka humo, na mvuke wake ndio unaosukuma magurudumu. Hii ilikuwa imeoza. Mabomba ya ndani yalijaa ukoko mweupe wa chumvi, mgumu kama mfupa. Baba aliahidiwa likizo akimaliza. Naye akamwahidi mama kwamba tungekwenda Tabora kumwona bibi, aliyemzaa baba, tukivutwa na kichwa hichohicho.

Kila mchana nilimpelekea chakula, ugali wa mtama na mlenda, au michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga. Nilimsikia kabla sijamwona, maana nyundo ndani ya boila hulia kama kengele iliyofunikwa blanketi. Alitoka mweusi hadi kwenye kope, akala macho kwenye chuma.

Kazi haikuisha. Boila hujaribiwa kwa kujazwa maji baridi na kusukumwa kwa pampu ya mkono, ionekane kama itavuja. Ilivuja. Baba akiziba bomba la juu, la chini linaanza kutoa machozi. Akikaza la chini, kona ya tanuri inatoa jasho. Kiangazi kilikuwa kikali, kinamama walipanga foleni bombani tangu alfajiri, na boila ile ilikunywa maji ya mtaa mzima kisha ikayatema chini, mekundu kwa kutu. Jirani yetu alisimama mlangoni, akamwita mama kwa jina langu.

"Mama Kabula, mwambie mumeo huyo mnyama wake anatuua kwa kiu."

Lakini mama alikuwa na lake. "Mama yako anazeeka," alimwambia baba kila jioni. "Panda treni ya abiria, nenda."

"Ngoja niimalize."

Ilifika mahali mama akilisikia neno hilo anainuka na kwenda kuosha vyombo ambavyo ameshaviosha.

Mchochea moto, Msukuma mmoja mwenye maneno mengi, alikuwa na dawa yake. Alisema unga wa mtama ukimwagwa ndani utaziba matundu yote. Baba akamkatalia. "Hii ni boila, si chungu cha bugali." Basi baba alipokwenda msikitini, mwenzake akamwaga debe zima. Kwenye jaribio lililofuata boila haikuvuja hata tone, na baba akacheka kwa mara ya kwanza tangu tuhamie. Stesheni masta akaja na sare yake nyeupe. Moto ukawashwa, mvuke ukapanda, baba akavuta kamba ya honi. Badala ya mlio ukaruka uji, ukatua kwenye kofia ya stesheni masta.

Sisi watoto tulicheka hadi tukakaa chini. Baba aliuzima moto, akaketi juu ya reli, akainamisha kichwa. "Nenda nyumbani, mwanangu," aliniambia, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Ilibidi afungue kila kitu upya, akwangue uji ulioganda mabombani.

Mvua za kwanza ziliponyesha, boila ikakubali. Honi ililia hadi ng'ombe wakatimka malishoni, na mama akatoka mbio jikoni na mwiko mkononi. Kichwa kikaenda mbele, kikarudi nyuma, kikaenda mbele tena. Jioni ile mama akaanza kufunga mizigo.

Hatujasafiri bado, stesheni masta akaja nyumbani. Hakuketi. Mgodi mmoja upande wa Geita ulikuwa umepasukiwa na boila yake, na wakubwa wameamua hii ipelekwe huko kuendesha mashine za kusaga mawe.

"Na kichwa chenyewe?" baba akauliza.

"Chuma chakavu."

Wakainyanyua kwa minyororo, wakaipakia kwenye lori. Baba hakutoka ndani.

Tulikwenda Tabora kwa treni ya abiria, daraja la tatu, baba amegeukia dirisha njia nzima. Bibi tulimkuta haoni tena. Alitupapasa nyuso mmoja mmoja, akatutaja majina. Kwa baba alianza na mikono, akapitisha vidole juu ya makovu na ngozi iliyokauka kwa moto, kisha akamgeukia mama.

"Huyu mzee mliyekuja naye ni nani?"

"Shikamoo, mama," baba akasema.

Wote hao wamekwenda, na reli ya pembeni imekwenda. Iliyobaki ni ile hasira ya mama, ya kuosha vyombo visafi, nimeirithi mimi, na mpaka leo sijui nimkasirikie nani.