Tone kwa Kila Pingili

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa Fundi Tone, na jina hilo alilipata kwa ubishi wake mwenyewe. Wenye pikipiki wengi waliimiminia cheni oili kama watu wanaomwagilia bustani. Wengine, wavivu zaidi, walichovya brashi kwenye oili chafu iliyokwisha kutumika kwenye injini, wakaipaka juu juu, kisha wakashangaa cheni inalia kabla wiki haijaisha. Fundi Tone alikataa yote mawili. Kwake ilikuwa tone moja kwa kila pingili, upande wa ndani, basi.

"Cheni haiogi," alikuwa akiwaambia wateja. "Cheni inakunywa. Na mnywaji mwenye akili hanywi kwa ndoo."

Wateja walicheka, lakini walirudi.

Kidole cha shahada cha mkono wake wa kushoto kiliishia kwenye kifundo cha katikati. Alikipoteza siku za kujifunza kazi, alipoona uvivu kuzungusha gurudumu kwa mkono akaamua kuwasha injini, kutia gia na kufuta cheni inayojizungusha yenyewe. Tambara lilivutwa, kidole kikafuata. Tangu siku hiyo hakuigusa cheni kabla ya kuzima injini, kuchomoa ufunguo na kuutia mfukoni mwake. Kila mara mtu alipomhimiza afanye haraka, alimwonyesha kile kipande cha kidole. "Karo ya shule hii, ndugu yangu. Nimekwisha kuilipa, sirudii darasa."

Uzee ulipomfika alifunga gereji, lakini pikipiki moja alibaki nayo: ya binti yake. Binti huyo, mtoto wake wa pekee, alikuwa akipeleka sampuli za damu kutoka zahanati tano za pembezoni hadi maabara ya hospitali kuu. Sanduku la baridi lilikaa nyuma ya kiti, na chini ya kila kitu ilizunguka cheni ya baba yake. Waliishi wawili tu katika nyumba ya vyumba viwili na kibanda cha mabati pembeni, kwa kuwa mama alikuwa ametangulia mbele ya haki miaka sita nyuma.

Kila Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, mzee aliisimamisha pikipiki kwenye stendi ya kati mpaka gurudumu la nyuma likaning'inia. Akatia ufunguo mfukoni. Akasugua cheni kwa mswaki mkuukuu uliochovywa mafuta ya taa, akaifuta, akangoja ikauke. Ndipo alipochukua kopo lake la oili lenye mdomo mrefu kama wa korongo, akaitafuta loki, kile kibanio kidogo kinachounganisha ncha mbili za cheni. Loki ile aliipaka rangi nyekundu ya kucha. Ilikuwa rangi ya marehemu mkewe, aliyoiacha kwenye kikopo kisichofika nusu, na mzee hakuruhusu itumike kwa kitu kingine chochote.

"Unaanzia kwenye nyekundu," alimfundisha binti yake. "Tone, sukuma gurudumu. Tone, sukuma. Nyekundu ikirudi, umefika. Unafuta iliyozidi, unaiacha ilale na mafuta yake mpaka asubuhi. Oili uliyotia sasa hivi hurukia tairi, na tairi lenye oili halina urafiki na kona."

"Na loki inaangalia wapi?" binti alimchokoza, ingawa jibu alilijua tangu akiwa hajaota meno ya mbele.

"Loki ni samaki. Kichwa mbele, mkia nyuma. Umewahi kuona samaki anaogelea kinyumenyume?"

"Sijawahi, baba."

"Basi usimfundishe."

Kusahau kulianza kidogo kidogo, kama panya anayetafuna gunia kutoka chini. Kwanza aliweka miwani ndani ya birika. Halafu akawa anamwita binti yake "dada", akimuuliza kama mama yao amerudi kutoka shambani. Daktari alisema ni ugonjwa wa uzee unaokula kumbukumbu, kwamba utakwenda ukizidi, na kwamba dawa ya kumrudisha alikotoka hakuna. Binti aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, akatoka. Njia nzima alijipa moyo kwa neno moja: mikono. Kichwa kinaweza kusahau, lakini mikono iliyofanya kazi miaka arobaini haisahau.

Jumamosi moja alitoka kufua nguo akamkuta baba yake bado amechuchumaa kando ya pikipiki. Jua lilikuwa limekwisha kuvuka paa la jirani. Oili ilikuwa imetanda sakafuni kama kivuli, tairi linameta, na kopo lilikuwa tupu. Mzee alikuwa akilibonyeza hivyo hivyo, halitoi kitu, anasukuma gurudumu, anabonyeza, anasukuma. Loki nyekundu ilipita mbele ya macho yake. Ikazunguka, ikapita tena.

"Baba, hujamaliza?"

"Bado sijafika, mwanangu." Sauti yake ilikuwa ya mtu mchapakazi, haina wasiwasi wowote. "Cheni ya leo ndefu kweli."

Binti alisimama na beseni mkononi. Pingili zilikuwa mia moja na kumi na nane, zile zile za siku zote. Aliweka beseni chini, akamshika mkono, akasema, "Umefika, baba. Nimeiona nyekundu."

"Umeiona?"

"Nimeiona."

"Haya, alhamdulillahi," akasema mzee, akanyoosha magoti kwa taabu.

Tangu hapo ikawa kila Jumatatu asubuhi binti anaisukuma pikipiki mpaka kona ya mtaa, pasipoonekana kutoka nyumbani, na hapo anafuta oili yote iliyozidi. Aliifuta kwenye cheni, kwenye rimu, kwenye tairi, kisha akalisugua tairi kwa sabuni na maji aliyobeba kwenye chupa. Kazi hiyo aliifanya mbele ya kibanda cha fundi cherehani, mama mtu mzima mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Naona leo tena unamnyang'anya mzee wako kazi yake kwa tambara."

"Napunguza tu, mama. Amezidisha kidogo."

"Kidogo! Hiyo oili ungekaangia samaki." Fundi cherehani alikata uzi kwa meno, akamtazama. Safari hii hakucheka. "Binti, mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwambie asiiguse tena hiyo pikipiki."

"Nikimwambia hivyo, atabaki na nini?"

"Na wewe ukianguka, atabaki na nani?"

Binti alikunja tambara, akapanda, akaondoka. Maneno yale yalimkaa kifuani kama mfupa uliokwama. Kila Ijumaa aliapa kusema. Kila Jumamosi alimwona baba yake akitafuta kopo kwa furaha ya mtoto anayetafuta viatu vya kutokea, na kiapo kikayeyuka. Alijiambia kwamba oili haijamuua mtu anayeamka mapema kuifuta.

Kumbe alikuwa akiangalia oili tu.

Jumamosi nyingine binti aliitwa msibani kwa mfanyakazi mwenzake, akamwacha mzee na jirani. Mzee alikumbuka, sijui kutoka kona gani ya kichwa chake, kwamba zamani alikuwa akivua cheni nzima na kuiosha ndani ya beseni. Akaivua. Akaiosha vizuri sana. Akairudisha kwenye meno ya gurudumu, akafunga loki, akaipaka rangi nyekundu upya. Binti aliporudi aliikuta cheni imetakata, haina hata tone la ziada, na loki inang'aa kama ukucha wa bibi harusi. Alifurahi hadi macho yakamlengalenga. Akasema moyoni: mikono, si nilisema mikono? Kwa kuiona nyekundu aliridhika. Hakuinama kuangalia samaki anaelekea wapi.

Siku ya tatu, kwenye mteremko unaoshuka kutoka zahanati ya mwisho, alisikia mlio kama sarafu iliyoanguka kwenye sahani. Mara injini ikapiga kelele bila kuvuta. Kitu kikamchapa kifundo cha mguu. Pikipiki ikaenda kwa uzito wake yenyewe, ikayumba, na yeye akakanyaga breki taratibu kama alivyofundishwa, mpaka ikaegemea ukingo wa mfereji. Akashuka. Nyuma yake barabarani cheni ililala imejinyoosha, kama nyoka aliyegongwa. Gari la mchanga lilipita juu yake bila kupunguza mwendo. Alitambua kwamba kama angekuwa amelala pale yeye, lingepita vivyo hivyo.

Sanduku halikumwagika, lakini alipopata mtu wa kumfikisha maabara, barafu ilikuwa imeyeyuka. Mpokeaji wa sampuli aligusa chupa, akatikisa kichwa.

"Hizi hazifai, dada. Watachomwa upya."

"Wangapi?"

"Tisa. Watatu ni watoto wachanga." Akaona uso wake, akalegeza sauti. "Pole. Mguu wako unatoka damu, unajua?"

Alikuwa hajui.

Njia nzima ya kurudi alipanga maneno. Safari hii angesema. Alifika nyumbani mwanga ungalipo, akamkuta baba yake kwenye kigoda mbele ya kibanda, akaitupa miguuni pake ile cheni aliyoiokota barabarani. Ilikuwa siku ya mwanga kwa mzee, maana alimtambua mara moja, na macho yake yakaenda kwenye mguu kabla ya kwenda kwenye cheni.

"Umeumia, mama?"

"Cheni ilitoka, baba. Kwenye mteremko."

Mzee aliiokota. Akaipitisha vidoleni pingili moja moja, akafika kwenye ncha isiyo na loki, akaisogeza karibu na jicho. Uso wake ukabadilika. Kwa dakika ile alikuwa Fundi Tone mzima, yule aliyekuwa akiwafokea watu wazima mbele ya wake zao.

"Loki haitoki hivi hivi. Tazama mikwaruzo hii, tazama! Samaki alifungwa mkia mbele." Akaigonga pini ya ncha ile. "Mpumbavu gani amekufungia cheni hii?"

Maneno yote aliyoyapanga binti yalikuwa mdomoni, tayari. Alikitazama kile kipande cha kidole kikigonga juu ya pini. Kwenye ukucha wa kidole cha kando yake palikuwa na doa jekundu la rangi.

"Ni fundi mmoja wa njiani, baba."

"Usimpelekee tena. Umenisikia? Hata akikulilia, usimpelekee. Huyo atakuua, na mimi sina mtoto mwingine."

"Sitampelekea tena."

"Niahidi."

"Naahidi, baba."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akaiweka cheni mapajani. Akakaa hivyo muda mrefu akiitazama mikono yake, akiigeuza huku na huku. Binti hajui mpaka leo kama alikuwa akifikiri jambo au alikuwa ameliona lile doa. Hakuuliza. Alikwenda kuosha kidonda na kulia kwa pamoja, ili sauti ya maji ifiche ile nyingine.

Ahadi ilikuwa ahadi. Alinunua cheni mpya, akaifunga mwenyewe, kichwa mbele mkia nyuma, akaipaka loki rangi nyekundu. Ijumaa mchana, mzee akiwa amejipumzisha kitandani, aliitia mafuta, akaifunika pikipiki kwa turubai na kuifungia kibandani. Jumamosi, baada ya chakula, mzee alianza kuzunguka ua akitafuta.

"Iko wapi? Leo si Jumamosi?"

"Ni Jumamosi, baba. Kaa hapa."

Alimketisha kwenye kigoda, akamtandikia gazeti mapajani, akamwekea cheni ya zamani iliyooshwa na kopo lenye oili ya kutosha tu. Alikuwa amelifikiria jambo hilo wiki nzima: cheni isiyo na loki haizunguki. Ina mwanzo, na ina mwisho. Mtu hawezi kupotea ndani yake.

Mzee aliishika ncha moja na kuiinua ubavuni, kama alivyokuwa akizipima cheni zote. Ikapinda na kuning'inia kama kamba mbichi, dalili ya cheni iliyokwisha kulika. Aliitikisa. Akamtazama binti yake.

"Hii imekufa, mama."

Binti alilinyoosha gazeti mapajani pake.

"Ile nzima nani anaitia mafuta?"

"Mimi, baba."

"Unaanzia wapi?"

"Kwenye nyekundu."

"Unaishia wapi?"

"Kwenye nyekundu."

"Na ufunguo?"

"Mfukoni."

Kutoka kona ya mtaa cherehani ilisikika ikikimbia na kusimama, ikikimbia na kusimama. Hatimaye mzee akalichukua kopo, akalifuta mdomo kwa ncha ya shati.

"Umenipa maiti," alisema polepole.

"Nisamehe, baba."

"Haya. Hata maiti huoshwa."

Akainamisha kichwa, akaanza. Tone, akasogeza. Tone, akasogeza. Binti alikaa chini kando yake, akiupokea upande uliokwisha kutiwa mafuta na kuukunja taratibu ndani ya beseni, ili usiguse vumbi. Pingili mia moja na kumi na nane. Ilipobaki ile ya mwisho, mzee aliishika kati ya vidole viwili na nusu, akaitia tone lake, akatafuta nyingine mbele yake kwa kupapasa, asiione.

"Nimefika," akasema.

"Umefika, baba."