Kamera Ndani ya Koti

Jumatatu, katika duka la mpiga picha hapa Goma, mama mmoja kutoka Masisi aliweka kamera kuukuu juu ya meza. Kitufe cha kuzungushia filamu kilikuwa kimekwama.

"Mama yangu tulimuzika juzi," alisema. "Picha yake iko humu ndani. Hatuna ingine."

Mwenye duka alikuwa amesafiri kwenda Bunagana. Alikuwapo shemeji yake tu, dereva wa zamani ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutengeneza kamera. Alitaka kuifungua palepale. Mama akamdaka mkono.

"Papa! Mwangaza utaingia kwa filamu, utamukula mama!"

Shemeji akavua koti lake zito, akaifunga kamera ndani, akaingiza vidole kupitia mikono ya koti. Akafanya kazi bila kuona, macho yakitazama dari, jasho likimtiririka. Sisi wateja tulisoma uso wake.

Ndani ya koti kitu kikadondoka.

"Ni nini imeanguka?"

"Sijui, mama. Ngoja kwanza."

"Hii kazi unaijua kweli?"

"Ninaanza."

Mama aliibana kola ya koti kwa viganja vyote viwili. Mzee mmoja akafunga mlango, mimi nikafunga dirisha.

Hatimaye filamu ikatoka, imeviringwa vizuri katika karatasi yake nyeusi. Kama picha imo, tutajua mwenye duka akirudi kuiosha kwa dawa.

Kila Jumapili tunamwomba Mungu mwangaza. Jumatatu ile, watu wazima tuliojaa dukani, tulimwomba giza, na tuliomba kwa moyo zaidi.