Dawa ya Wageni

Jirani yangu hakuwahi kulitamka neno nguruwe. Miaka yote tuliyotenganishwa na uzio wa matete, hata siku wa kwangu walipovunja banda na kumlia mihogo, aliniita kwa sauti ya kawaida tu: "Mwanangu, wageni wako wamekuja kwangu bila hodi." Nilikimbia na fimbo huku nimejiziba uso kwa khanga. Yeye ni mama mtu mzima, Mwislamu asiyekosa swala, na mimi ni Mkristo niliyeletwa Nachingwea na ndoa kutoka Mandawa. Angeweza kwenda kunishtaki kwa mwenyekiti wa mtaa, na wapo waliomshauri afanye hivyo. Badala yake aliamua mwenyewe kwamba mimi na yeye ni watani, na utani huo ukafunika mambo mengi.

Asubuhi nikimwamkia shikamoo, aliitikia marahaba halafu akauliza, "Wageni wameamkaje?" Nikimjibu wameamka na njaa, alicheka. "Wageni gani hao, hawaondoki na kila siku wananenepa!" Neno likatuingia nyumba zote mbili. Wanangu walikua wakijua kwamba wageni wanalala bandani na wanakula pumba. Hata kwenye duka la dawa za mifugo pale sokoni nilikuwa nasema, "Nipe dawa ya wageni," kwa sababu foleni ile ina watu wa kila dini na sikupenda kugeukiwa. Muuzaji alishanijua. Alikuwa anatabasamu na kunifungia.

Dawa yenyewe ilikuwa ya unga wa njano, ya kuua vijidudu, ndugu wa zile kapsuli tunazoziita rangi mbili, ambazo huku kwetu mtu anameza akiharisha, akikohoa, akijikata. Nilikuwa naichanganya kwenye pumba kila asubuhi. Nasema kila asubuhi, na hakuna nguruwe aliyekuwa mgonjwa. Niliitia kama mtu anavyotia chumvi kwenye mboga. Mwanamke wa Malolo, kule Ruangwa, aliyeniuzia watoto wa nguruwe, baadaye alifiwa na zizi zima kwa homa, na watu walimwambia kosa lake ni kusubiri waumwe ndipo awape dawa. Mimi sikutaka kusubiri. Baadaye nilikuja kuelezwa kwamba homa ile haina dawa kabisa, lakini wakati huo nani angeniambia? Dukani wafugaji wa ng'ombe waliohamia kutoka Kanda ya Ziwa walikuwa wanabeba chupa na sindano, wanakwenda kuchoma wenyewe, na hakuna aliyewauliza kitu. Mimi nilinunua hivyo hivyo. Tena nilijiona mfugaji wa kisasa, mwenye akili kuliko wenzangu wanaotegemea mabibo na machicha ya pombe peke yake.

Banda langu lilikuwa upande wa juu. Nikiliosha, maji yalipita chini ya uzio, yakakata mihogo ya jirani, yakashuka bondeni kwenye bustani yake ya mchicha. Nilikuwa naona yanakokwenda. Yeye pia alikuwa anaona. Mchicha wake ulikuwa na majani mapana, meusi kwa kijani, na sokoni ulimalizika kabla ya wa wenzake. "Ardhi yangu ina baraka," aliwaambia wateja, na kama nilikuwa karibu alinitupia jicho la pembeni, nami niliinama nisicheke. Hatukuwahi kulizungumza zaidi ya hapo. Wateja wake wengi walikuwa wanawake wa msikitini kwao, na wote wawili tulijua ni nini kingetokea wakijua baraka ile inatoka wapi.

Wakati wa mvua za masika mwaka jana jirani yangu alijikata kwa jembe, katikati ya vidole vya mguu wa kulia. Alikuwa analima peku kama kawaida yake, matope yamemfika kwenye vifundo. Alifunga kidonda kwa kitambaa, akanunua rangi mbili dukani, akameza chache, akarudi bondeni. Nilipomwona anachechemea alinizuia nisimwonee huruma. Baada ya muda mguu ukavimba mpaka ngozi ikawa inang'aa. Mwanawe wa pekee anaishi Narung'ombe, na ulikuwa wakati wa kupalilia ufuta, kwa hiyo mimi ndiye niliyempeleka hospitali. Tulipanda bodaboda moja, yeye katikati, mimi nyuma nimemshika kiuno.

Daktari alikuwa kijana mwenye adabu. Alikagua mguu, akauliza aliumiaje, akauliza amemeza nini. Nyuma yetu kwenye benchi walikaa wanawake wa mtaa wetu waliosubiri zamu, na mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto.

"Nyumbani mnafuga, mama?"

"Kuku."

"Ng'ombe, mbuzi, nguruwe?"

"Astaghfirullah," alisema.

"Samahani, mama, ni swali la kawaida. Na majirani je?"

Hapo akanitazama. Hayakuwa macho ya kushtaki. Yalikuwa yananiomba, na nilielewa ananiomba nini. Kisha akamjibu daktari kwa upole, "Jirani yangu huyu ana wageni tu."

Daktari akanigeukia. "Wageni kutoka wapi? Wana ugonjwa wowote?"

"Wametoka Ruangwa," nilisema. "Hawaumwi."

Kila neno lilikuwa kweli. Daktari akaitikia kwa kichwa na kumwandikia dawa. Wakati wa kurudi, tulipofika barabara ya vumbi, jirani yangu alianza kutetemeka nikadhani ni homa, kumbe anacheka. "Hawaumwi!" alisema. "Mtani, wewe ni hatari!" Nikacheka na mimi mpaka dereva akageuka kuuliza kuna nini. Kicheko hicho bado nakisikia, na kila nikikisikia natamani ardhi inimeze.

Dawa ile alimeza yote kama alivyoelekezwa. Haikusaidia. Mguu ulianza kunuka, vidole viwili vikabadilika rangi, na homa ikampanda hadi akawa ananiita kwa jina la marehemu dada yake. Nilimpigia simu mwanawe, akaja, tukamrudisha hospitali, safari hii akalazwa. Wakachukua usaha kwenda kupima. Majibu yalipotoka daktari yule yule alikuja kitandani wakati wa kuona wagonjwa, wodi imejaa vikapu na watu.

"Dawa niliyompa mama ni kama nilimpa maji," alisema. "Vijidudu vyake vimeizoea. Na vimezoea nyingine ya jamii hiyo. Nashindwa kuelewa vimeizoelea wapi, mtu ambaye hajawahi kulazwa." Akamwambia mwanawe ajiandae, kwamba kama hawatapata dawa ya kuvishinda haraka, mguu utakatwa chini ya goti.

Mwanawe alisema hewala. Halafu akatazama sakafu, mwanamume mzima, akawa anakunja na kukunjua kofia yake.

Mimi nilikuwa nimeshika bakuli la uji. Nilijiambia nimsubiri daktari atoke nimfuate nje nimweleze faraghani. Hilo ndilo lililonipasa, na mtu mwenye utulivu angelifanya. Lakini mimi mdomo wangu siku zote unaniponyoka. Nilipoona anageuka kwenda kitanda kingine niliogopa nitamkosa, nikasema, "Mimi nafuga nguruwe."

Neno lilitoka kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Wodi nzima iligeuka kunitazama. Nikaendelea, kwa sababu sasa nilikuwa siwezi kurudi. Nilisema maji ya banda yanapita bustanini kwake, analima peku humo, na kwamba kila siku nawapa nguruwe dawa kwenye pumba. Nikataja dawa. Jirani yangu alivuta khanga akajifunika uso, akabaki hivyo.

Daktari hakunigombeza. Alinisogelea, akaniuliza nimewapa kwa muda gani, wazima au wagonjwa. Nilipomjibu alisema taratibu, "Ungeniambia siku ile, mama, nisingempa dawa ya ukoo ule ule. Vijidudu vinavyoishi na nguruwe wako vimekula dawa hiyo mpaka imekuwa chakula chao." Akaenda haraka, akabadilisha dawa, na mama akaanza kuchomwa sindano nyingine. Vidole viwili vilikatwa. Mguu ulibaki.

Mwanawe alinifuata nje kwenye bomba nilikokuwa naosha bakuli. Nilitegemea matusi, na nilikuwa nayataka. Akasema, "Asante kwa kusema, dada." Nilishindwa kumwangalia.

Habari ilifika mtaani kabla ya mgonjwa. Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, wanawake wenzake walikuja kumjulia hali, wakamwambia mtu asiyejua hana dhambi, na wakamuuliza kama kweli alikuwa hajui. Nilikuwa upande wa pili wa uzio nimeinama na ufagio. Nikamsikia anasema, "Wallahi sikujua." Nilikaa chini palepale. Mtu ambaye miaka yote alijua, na alinyamaza kwa ajili yangu, sasa alikuwa anaapa uongo kwa sababu yangu. Wenzake walimwamini na wakaendelea kumheshimu. Mchicha wake tu ndio hawakuugusa tena.

Niliwauza nguruwe wote kwa mchuuzi wa kitimoto, nikachimba shimo la kufukia samadi, nikaziba ile njia ya maji chini ya uzio, nikakwangua banda likabaki na kihori kitupu cha pumba. Kopo la dawa nililipeleka kwa bwana mifugo, maana nilishaonywa nisiimwage. Daktari alikuwa amesema vijidudu vinaweza kukaa kwenye matope kwa muda baada ya wanyama kuondoka, kwamba mama avae buti, na mboga zioshwe vizuri na zipikwe ziive, zikiiva hazina neno. Nilimnunulia mabuti ya mpira. La kulia linampwaya pale mbele, ameliziba kwa matambara.

Akarudi bondeni. Nilidhani hatarudi. Na kwa kuwa sokoni hakuna aliyenunua, akaanza kuniletea mimi. Kila baada ya siku chache alikuja kwenye uzio na mafungu aliyoyafunga kwa ganda la mgomba, fundo lake la kuzungusha mara mbili ambalo hakuna mwingine anafunga hivyo. "Chukua, mwanangu. Wewe ndiye mteja niliyebaki naye." Nikimpa hela anakataa. Kesho yake anauliza, "Mchicha ulikuwaje?" Nami namjibu, "Mtamu, mama."

Sikuwa nimeula. Niliosha, nikaosha tena kwa chumvi, nikateleka maji, na yakichemka nilikuwa nawatazama wanangu waliokaa wakisubiri chakula, nikaona kidole cheusi cha mguu wa jirani yangu, mkono ukakataa. Najua vijidudu vinakufa vikichemshwa. Nilielezwa kwa Kiswahili fasaha na nilielewa. Ni mimi niliyeuchafua udongo ule, na mimi ndiye niliyekuwa siwezi kula kilichoota humo. Niliwapikia wanangu dagaa. Mafungu niliyatoa nyuma na kuyatupa kwenye kihori bandani, kwa mazoea ya mkono tu, kwa sababu nyumbani kwangu kitu kisicholiwa na watu siku zote kilikwenda huko.

Wiki iliyopita nilikuwa uani napepeta mahindi. Tetea wa jirani yangu alikuwa amepotea, na alihisi ametagia kwangu, akaingia kwa kupitia pengo la uzio kama anavyoingia siku zote. Nilimwitikia na kumwambia atafute tu. Nikaendelea kupepeta. Nilipoona amekawia, niliinua macho.

Alikuwa amesimama kwenye mlango wa banda. Mkononi ameshika fungu la mchicha lililokauka, bado limefungwa, na kwa kidole gumba alikuwa analigusa fundo lake. Nyuma yake kihori kilikuwa kimejaa mengine, ya juu yamenyauka, ya chini yameoza. Niliweka ungo chini. Nilitaka kusema nilikuwa nawaogopea watoto, na ni kweli, lakini nilijua hilo lingekuwa baya kuliko kunyamaza.

Hakukasirika. Alilirudisha fungu ndani ya kihori polepole, akajifuta mikono kwenye khanga.

"Kumbe," alisema. "Na mimi nilidhani nguruwe umeshauza."

Kisha akapita kwenye pengo la uzio kurudi kwake, ametanguliza ule mguu mzima.