Miti ya Ubaldina Iliyovuliwa Mapema

Katika mtaa wetu, chini ya mlima, miti huvaa vizuri kuliko watu. Mwezi wa tano ukikaribia kwisha, kila nyumba hutoa nguo kuukuu sandukuni na kuivisha milimau na michungwa ya uani, kwa sababu jalidi ya huku, umande unaoganda usiku, haina adabu. Hushuka alfajiri, nyeupe kama chumvi, na jua likishapanda majani huwa kama mboga zilizochemshwa mara mbili. Mparachichi wa Mzee Rufino Tolaba ulikuwa ukivaa koti alilofungia ndoa. Ndoa haikudumu, koti lilidumu.

Miti ya Mama Ubaldina Aybar ndiyo iliyokuwa nadhifu kupita yote. Tangu usichana wake alishona magodoro ya sufu, mpaka madukani yalipoingia ya sponji na mji mzima ukagundua kwamba migongo haina shukrani. Vitambaa vya milia vilivyobaki akaishonea miti yake kanzu, zenye vifungo. Mumewe alipofariki, alisema sasa amebaki na wanaume watatu wa kuwavisha, mlimau, mchungwa na mparachichi, na hakuna hata mmoja anayelalamikia supu.

Kuvisha, kila mtu alivisha alipotaka. Kuvua ndiko kulikokuwa na sheria: hakuna aliyevua kabla ya Ubaldina. Askofu huweza kukosea, redio hukosea kila asubuhi, lakini Ubaldina hakuwahi. Onyo lake kubwa lilihusu Zonda, upepo wa moto unaotuteremkia kutoka mlimani katikati ya baridi na kumfanya kila mtu avue sweta.

"Zonda ni kama mchumba wa safarini," alikuwa akisema. "Anakukumbatia, kumbe nyuma yake anakuja mkewe."

Mkewe ni upepo wa kusini, naye haji bila jalidi.

Mwana wa pekee wa Ubaldina, Anselmo, yuko kusini kabisa, kwenye visima vya mafuta. Mara ya mwisho alipokuja alimleta mkewe, mwanamke wa mji mkuu, ambaye alisimama mlangoni pa ua, akaitazama miti ile iliyovaa, akacheka mpaka akashika ukuta. "Mama, mbona kama foleni ya zahanati?" Ubaldina naye akacheka. Miaka ikapita bila wao kurudi. Hakuna aliyesema ni kwa ajili ya miti, lakini Ubaldina hakupewa sababu nyingine, akaishika hiyo.

Mwezi wa nane mwaka jana Anselmo akapiga simu: Jumapili watakuja, pamoja na mtoto, ambaye bibi yake alikuwa akimjua kwa picha tu. Jumamosi asubuhi Zonda ukashuka, na Ubaldina akatoka uani na kuanza kufungua vifungo.

Rufino akachungulia juu ya ukuta. "Dada, unafanya nini?"

"Navua. Huoni?"

"Naona, ndiyo maana nauliza. Huu si Zonda?"

"Rufino, wewe ulikuwa dereva wa lori. Utabiri umeuanza lini?"

"Sitabiri kitu. Nakukumbusha maneno yako."

"Miti imechoka kuvaa."

"Imekwambia?"

"Hunisemesha kuliko watu wengine."

Rufino alining'inia pale ukutani kidogo, kisha akasema, "Haya. Wewe ndiye kamanda." Muda si muda tukamwona na koti mkononi. Kufika mchana, mtaa mzima ulikuwa uchi.

Jumapili Ubaldina alikaanga empanada, sambusa za kwetu za nyama, akatandika meza chini ya mlimau na kuwekea kitambaa mawe pembeni kisipeperuke. Wakati wa chakula simu ikalia. Mtoto ana mafua kidogo. Watakuja siku nyingine.

"Msijali," alisema. "Siku nyingine ndiyo nzuri zaidi."

Akaingia ndani, meza akaiacha. Jioni upepo ukageuka. Tulisikia madirisha yakianza kugonga upande wa pili, na kila mtu akatoka na nguo za miti yake, akautazama ua wa Ubaldina, akangoja. Hakutoka. Kumtangulia kuvisha kungekuwa kumwambia usoni kwamba amekosea, na sisi ni watu wenye heshima. Tukarudi ndani na nguo zetu.

Asubuhi mtaa ulikuwa mweupe. Kufika mchana ulikuwa mweusi. Ubaldina alipita nyumba hadi nyumba, akamalizia kwa Rufino.

"Nimekuja kusema ukweli. Sikuangalia mbingu. Nilitaka ua wangu upendeze."

"Tunajua, dada."

"Mnajua?"

"Empanada zako zilinukia mpaka kanisani."

"Mlijua, na mkavua?"

Rufino akajikuna shingo. "Sasa yule mkwe wako aje akute foleni ya zahanati imehamia kwangu? Angecheka tena."

 Ubaldina aliushika mparachichi wa Rufino, akakwangua gome kwa ukucha. Chini yake palikuwa kahawia.

"Msikate matawi sasa," alisema hatimaye. "Ngojeni machipukizi, muone kilicho hai."

"Ukisema wewe, dada."

"Hapana. Msiningoje mimi tena."

Mparachichi ule haukuchipua. Rufino anasema hata hivyo hakupenda sana parachichi, na tumemheshimu kwa uongo huo.

Wiki moja baada ya jalidi ile Anselmo akapiga simu. Kuta zetu si nene. Mtoto amepona, na daktari amesema anywe maji ya limau. Je, mama anaweza kutuma boksi moja?

Ubaldina alikuwa dirishani, mbele ya mlimau wake mweusi, usiobaki na limau zima hata moja.

"Yapo, mwanangu. Tele. Ila mwaka huu ganda ni laini, hayastahimili safari. Njooni mchume wenyewe."



"Tutaona, mama," nadhani alijibiwa, kwa maana yeye alisema, "Sawa. Mkiona, nipo."