Kichupa cha Zeituni

Wifi yangu Hafsa aliimwaga mboga yangu mchangani mbele ya wageni wa khitma, akasema nimetia dawa ya kumfunga kaka yake. Naanza na hilo kwa kuwa ndilo watu wa Tiwi wanalolijua kunihusu. Tangu siku ile, kukiwa na arusi au matanga, mimi huitwa kuteka maji na kuosha masufuria. Mwiko sipewi. Kwetu, mwanamke wa umri wangu asiyepewa mwiko kwenye shughuli ameshahukumiwa, ingawa hakuna kadhi aliyeketi.

Jina langu ni Mejumaa. Nilizaliwa Msambweni, nikaolewa Tiwi na Issa, fundi wa kuezeka makuti. Shuleni sikupelekwa. Ndugu zangu wa kiume walipokwenda kusoma, mimi nilifuatana na bibi kuchuma mboga, na majani nikayajua: mnavu, kunde, matembele, na mchunga, ambao sisi Wadigo twauita mtsunga. Huo huota wenyewe kando ya mashamba mvua ikinyesha, na uchungu wake hukaa nyuma ya ulimi hata ukinywa maji.

Mboga ndizo zilizonifikisha Diani. Nilikuwa nikipeleka mchicha na spinachi kwenye lango la nyuma la hoteli moja, na aliyepokea alikuwa mpishi aitwaye Chengo, Mduruma mpenda mzaha. Asubuhi moja alizipekua mboga zangu, akatikisa kichwa.

"Dada Mejumaa, kesho niletee mchunga."

"Mchunga? Umefuga sungura?"

"Nimefuga Wazungu."

"Wanaumwa na matumbo?"

Alicheka mpaka akashika lango. Kisha akanieleza kwamba alikuwa amefundishwa kazi na mpishi Mgiriki, na huko kwao Ugiriki, mvua zikishanyesha, wanawake hupanda vilimani na visu kuchuma majani machungu ya porini, sawasawa na bibi yangu. Huyachemsha, huyawekea mafuta na ndimu, na kuyaweka kando ya samaki.

"Kando vipi? Ugali wake uko wapi?"

"Hakuna ugali. Ni mboga ya kando tu."

Neno hilo lilinitoa usingizi. Kwangu mimi mboga ilikuwa kitoweo, kitu cha kuteremshia ugali. Mboga iliyokaa peke yake kwenye kisahani, haiteremshi kitu, ilikuwa na kazi gani? Na wageni wanaokula kamba wanautakia nini mchunga, ambao kwetu mtoto huula kwa kuogopa kofi?

Nilipoupeleka, sikuondoka. Nikamwomba Chengo niangalie. Alinifungulia mlango wa jikoni wageni walipokwisha kula mchana, akanipa kofia ya nailoni ya kufunika nywele.

Sisi mchunga tunaupika kama mtu anayembembeleza mtoto anyamaze. Tunauchanganya na mnavu na mchicha, tunamwaga maji ya kwanza, kisha tunautia tui na kuuacha motoni mpaka uchungu usalimu amri. Chengo hakubembeleza. Alichagua majani machanga yaliyokuwa hayajatoa maua, akayaosha mpaka mchanga ukaisha chini ya beseni. Akachemsha maji mengi yenye chumvi, akatumbukiza majani, na sufuria akaiacha wazi.

"Mbona hufuniki?"

"Ukifunika yanakuwa rangi ya majani makavu."

Yalipolainika vishina aliyatoa, akayachuja bila kuyakamua sana. Kwenye kikaango akatia mafuta na vitunguu saumu vilivyokatwa vipande vyembamba, moto mdogo, mpaka harufu ikatoka na kabla vitunguu havijageuka rangi. Akayapitisha majani humo pamoja na kipande cha pilipili. Akaepua. Ndimu akaikamua mwisho kabisa, sahani ikiwa mezani.

"Na ndimu mbona si motoni?"

"Dada, maswali yako yamewazidi wakaguzi wa afya. Ndimu inaua rangi. Onja."

Nilionja. Uchungu ulikuja ule ule wa utotoni, sikuepushiwa. Halafu ndimu ikaupanda, chumvi ikafuata, na mafuta yakapita juu ya vyote. Nikatafuna tena ili nijue kipi kilitangulia. Nilikuwa nimeula mchunga maisha yangu yote na sikuwahi kuusikia ukiongea peke yake.

"Mafuta gani haya?"

"Ya zeituni."

Nikarudisha uma. "Ya kusomewa?"

"Kusomewa na nani? Hata kwetu kanisani pasta humpaka mgonjwa, lakini humu jikoni tunamwagia majani."

Hapo lazima nieleze. Kwetu mafuta ya zeituni hayakai jikoni. Ni mafuta yaliyotajwa kwa heshima kwenye dini; huuzwa madukani pamoja na habasoda na asali, kwenye vichupa vidogo, na mtu akiyanunua humpelekea mwalimu ayasomee aya, kisha humpaka anayeumwa au anayesumbuliwa na jini. Na wapo wasio waalimu ambao pia huyasomea, kwa mambo mengine ambayo wanawake hunong'onezana.

Mimi nilikwenda Ukunda kununua kichupa. Muuzaji, kijana aitwaye Sharif, akanitazama kwa huruma.

"Shikamoo, mama. Nani mgonjwa?"

"Marahaba. Hakuna mgonjwa. Nataka kupikia mchunga."

Akakishika kichupa kana kwamba atanirudishia pesa. "Mama, haya ni ya kupaka. Na kunywa kijiko kimoja."

"Basi mimi kijiko changu nitakinywa na majani."

Siku zile nilikuwa na raha ambayo sijui niiite nini. Nilijaribu kila jani. Mchicha haukutaka maji ya kuchemshia hata kidogo. Matone yaliyobaki baada ya kuoshwa yalitosha, na nilipoutilia korosho za kwetu Msambweni zilizokaangwa na zabibu kavu chache, kama Chengo alivyonielekeza, nilikula nimesimama nikasahau kukaa. Matembele yalipenda kitunguu saumu kingi. Kisamvu kilikataa. Kisamvu ni lazima kitwangwe na kichemke mpaka kiive hasa, la sivyo kinadhuru, na kikishaiva hivyo hutaka tui. Zeituni juu yake ilikuwa kama kanzu juu ya punda. Nikajiuliza kwa nini majani mengine hukubali upesi na mengine hudai subira. Sijapata jibu mpaka leo, lakini kuuliza kwenyewe kulinichangamsha.

Issa alirudi jioni moja, akakuta mchunga kando ya samaki wa kuchoma.

"Tui liko wapi?"

"Limebaki nazini."

"Na hiki kichupa?"

"Zeituni. Ndiyo mafuta yake."

Alikishika, akakinusa, akakirudisha rafuni. Akala, akapangusa sahani kwa kidole. Kesho yake akauliza kama mchunga umebaki. Kwa hiyo Issa alikijua kile kichupa. Alikishika kwa mkono wake.

Kisha ikaja khitma ya marehemu baba mkwe, iliyosomwa nyumbani kwetu. Wanawake walipika wali wa nazi na mchuzi wa samaki, na mimi, kwa kiburi cha mtu aliyejifunza kitu, nikaleta bakuli la mchunga wa kupakuliwa kando ya kila sinia. Mavyaa wangu, Bi Esha, mamake Issa, alipakuliwa kwanza kwa heshima ya umri. Hafsa akaingia jikoni kwangu kutafuta chumvi, akatoka ameshika kichupa juu juu, kama mtu aliyemshika nyoka mkia.

"Mejumaa, hiki ni nini?"

"Ni mafuta, wifi. Nimepikia."

"Umepikia zeituni? Mboga baridi, chungu, haina tui, na zeituni ndani yake? Toka lini zeituni ikapikiwa mchunga?"

Mwanamke mmoja akasema, "Ndiyo maana Issa siku hizi hatoki nyumbani."

"Umemtilia dawa umfunge! Kaka yangu siku hizi anarudi mapema kama kuku!" Hafsa akasema, na hapo akaliinua bakuli na kulipindua mchangani. Mikono yote ikatoka kwenye masinia. Bi Esha alikuwa tayari amemeza, akabaki amekodoa macho.

Nikageuka kumtafuta Issa. Alikuwa amesimama pale wanaume walipoketi, ananitazama. Nilingoja aseme maneno machache tu. Akainama, akajifanya anatafuta kiatu.

Tangu hapo akahamishia kula kwake kwa mamake. Alilala kwangu, akala kwao. Nilipomuuliza, alijibu bila kuniangalia:

"Ningesema nini? Mume akimtetea mkewe siku kama ile, watu husema, mnaona? Ameshakamatwa."

Hilo nililifikiria sana, maana lina ukweli wake. Wamenitengenezea shtaka ambalo shahidi wangu mmoja akilikanusha, kukanusha kwake ndiko ushahidi. Aliyelibuni jambo hilo alikuwa na akili, laiti angeitumia kwa mema.

Msimu wa mvua uliofuata, mchana mtulivu, Bi Esha alikuja kwangu kwa mlango wa uani. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi kama aliyechoka.

"Mke wa Issa, nina swali. Ile mboga ulitia ndimu?"

"Nilitia, mama. Mwisho, motoni ikishatoka."

"Aa. Mimi nilitia ikichemka, ikawa kama kinyesi cha ng'ombe." Akajipepea kwa kanga. "Mumeo huyo ananisumbua. Kila nikimwekea mboga anaitaka ndimu. Nikitia tui anasonya. Jana ameniuliza kwa nini siuachi mchunga uwe mchungu."

Nilicheka kwanza, ndipo moyo ukaniuma.

"Kumbe alikuwa akila," akasema.

"Akila na kupangusa sahani."

"Na kichupa alikijua?"

"Alikinusa, mama."

"Na siku ile akanyamaza."

"Ulikuwepo."

Bi Esha aliuchungulia mlango kama kuna mtu, akasema kwa sauti ndogo. "Mimi nami nilikula. Wote walitoa mikono, mimi nilikuwa nimeshameza. Nilikaa nikingoja kuumwa. Nilingoja mpaka nikachoka. Kilichonipata ni kutaka tena." Akasogea. "Nionyeshe."

Nikampikia mbele ya macho yake. Nilipokitoa kichupa alirudisha mkono nyuma, kwa hiyo nikajimiminia kijiko nikanywa. Akanitazama kooni. Kisha akachovya kidole, akakilamba, akasema, "Yanakereketa."

"Mazuri hukereketa. Ndivyo asemavyo Chengo."

"Chengo ni nani?"

"Mwalimu wangu."

"Astaghfirullah! Usimwambie Hafsa una mwalimu!" Tukacheka mpaka kitunguu kikakaribia kuungua.

Alipomaliza kula alifunga kanga yake. "Nililokula mimi, nitalisema mimi. Alilokula Issa, aseme Issa."

Na alisema. Sasa Hafsa anamwoza binti yake, na mamake alimweleza yote mbele ya wanawake waliokuwa wakichambua mchele: kwamba alikula, kwamba hakuumwa, kwamba amejifunza kupika. Hafsa akajibu, "Wewe mama ni mtu mzima, dawa haikukusudiwa wewe. Kaka mwenyewe akisema alikijua kichupa na akala kwa hiari yake, mwiko nitampa Mejumaa kwa mkono wangu." Akaniletea ujumbe niende kumenya vitunguu. Ni hatua, vitunguu huingia sufuriani.

Nitakwenda kumenya. Hafsa sasa simchukii kama zamani. Alimwogopea kaka yake, na woga ule Issa angeuondoa kabla mboga haijagusa mchanga. Bi Esha amelipa lake. Issa amerudi kula kwangu, anakaa pale pale kila jioni, mchunga kando, ndimu kando, na leo ameniambia ndimu nisiibanie. Nimemwambia arusi inakaribia. Amesema atafikiria.

Kwa hiyo anayebaki kudaiwa ni Issa, mume wangu. Namdai asimame uani kwa dada yake mchana, wanawake wote wakiwepo, aseme: kichupa kile nilikishika, nilikinusa, na nilikula kwa kuwa mboga ilikuwa tamu. Watakaosema ameshakamatwa, waseme. Mimi wamenisema muda wote huu, na naendelea kumpikia.