Mlango wa Bibi Chini ya Mashine

Kazini walimwita Keekee, na si kwa sababu ya mashine yake ya kutobolea ardhi tu: mdomo wake nao ulikuwa haupumziki. Asubuhi ile, mbele ya nyumba ya bibi yake, alikuwa kimya kama aliyemwagiwa maji baridi.

Kikosi chao kilipima ardhi ya kando ya mto, litakapojengwa tuta la kuzuia mafuriko. Shimo la mwisho lilibaki hapo mbele ya nyumba. Chini ya tope pakipatikana udongo mgumu, tuta lingepita kati ya mto na nyumba. Pasipopatikana, lingepita nyuma, na nyumba ingevunjwa. Bibi alikwisha kufunga vyombo vyake kwenye maboksi.

Tope lenyewe halikuwa na adabu. Mguu mmoja wa mashine ulizama, wakatandika mbao zao zote, nazo zikamezwa. Msimamizi akakuna kichwa.

"Turudi wiki ijayo na mbao nyingine."

"Wiki ijayo nitakuwa nimekufa kwa presha!" Bibi akadakia kutoka mlangoni. "Ng'oeni mlango huu."

"Bibi, mlango utaharibika," Keekee akasema.

"Mume wangu," Bibi akamtania mjukuu wake, "nyumba ikivunjwa nitaufunga wapi? Lete bisibisi!"

Keekee akacheka mpaka akajishika mbavu. Walipoulaza mlango matopeni, mashine ikatulia juu yake.

Bomba la kwanza la kutolea udongo likatoka na uji mweusi unaonuka. La pili vilevile, na la tatu. Kisha injini ikaanza kukoroma kwa kuelemewa, na bomba likapanda na udongo wa kijivu, umeshikana.

Kikosi kile kilikuwa na mtindo wake: udongo mgumu wa kwanza hupita mkono kwa mkono, kila mtu aubonyeze kwa dole gumba. Dole la msimamizi halikuingia.

"Basi," akasema, meno yote nje. "Tuta linapita mbele."

Keekee akampelekea Bibi kipande. Bibi akakibonyeza, akakibonyeza tena, akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka kuuliza nani anaolewa.

"Mimi!" akawajibu, akimshika Keekee mkono.

Jioni Keekee aliuosha mlango, akaanza kuurudisha. Ndani, sufuria zilikuwa zinagongana, zikitolewa kwenye maboksi.

"Kaza skrubu zote, mume wangu," Bibi akapaza sauti. "Hatuhami."